Wivu wa Dada Chaki

Kitasa kilizunguka.

Chaki aliganda pale pale, mkasi mkononi. Mliokuwa nasi wiki iliyopita mnajua tulimwacha wapi: peke yake katika chumba cha kukatia, amemega upana wa kidole kimoja kwenye kadibodi wanayokatia mikono ya sare za wauguzi. Kidole kimoja tu. Lakini mkono wa gauni ukipungua kidole kimoja, hauvaliki.

Mlango ukafunguka.

Heri angekuwa mwizi. Heri hata angekuwa mwalimu. Aliyeingia alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Aliingia kinyumenyume, akisukuma mlango kwa mgongo, maana mikono yote miwili ilishika vikombe vya chai. Huyu ndiye Mwenyekiti wa ushirika wao wa ushonaji, na chuo kizima kinamwita Pole, kwa kuwa humwambia pole kila kiumbe, hata cherehani ikikata uzi.

"Dada, tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni. Shika."

Chaki alikisukuma kile kipande kilichomegwa chini ya meza kwa ncha ya kiatu. "Weka hapo."

"Unafanya nini?"

"Ninachofanya siku zote. Naipitia kadibodi ya mikono."

Uso wa Pole ulijaa raha. "Umeipitia wewe? Basi nimepona! Nilitaka Babu aipime tena kabla hatujakata. Sasa ya nini? Ukishaishika wewe, nani tena apime?"

Hapo, msomaji, Chaki alikuwa na nafasi ya kujinasua. Neno moja lilitosha. Aseme tu: ngoja, kuna mahali nimekosea. Alilihisi likimpanda kooni.

Mara ukumbi mkubwa ukalipuka kwa kicheko.

"Pole! Njoo umwone Mrefu! Amejishona mwenyewe kwenye gauni la mteja!"

Pole alianza kucheka kabla hata hajajua kisa. Akatoka mbio, chai ikimwagika njiani, na kicheko cha ukumbini kikazidi alipofika.

Chaki alibaki na kikombe chake. Enzi zake za uenyekiti, akiingia ukumbini vicheko vilikatika. Yeye aliiita heshima. Hakuna hata siku moja mtu aliyemwita aje aone kitu cha kuchekesha.

Alilimeza lile neno pamoja na chai. Akatoka na kadibodi, akamkabidhi Babu, mwanachama mwenye mvi.

"Kateni," alisema.

Na wakakata.

*

Mkitaka kujua donda lilianzia wapi, sikilizeni.

Ushirika huu ni wa wanafunzi wenyewe wa chuo cha ufundi. Asubuhi wako darasani, mchana wako kwenye cherehani. Kinachopatikana ni chao wote, na kiongozi huchaguliwa kwa kunyoosha mikono. Aliyeuanzisha ni Chaki. Ni yeye aliyezitoa cherehani mbovu kwenye stoo iliyojaa buibui, akazifungua, akazitia mafuta, akamkabili mkuu wa chuo mpaka wakapewa ukumbi.

Jina lake lilitokana na chaki ya fundi anayoichomeka sikioni. Lilitokana pia na mstari. Kila mchana aliuchora mstari mweupe kizingitini. Saa ya kazi ikifika, aliye nje anabaki nje.

Siku moja Mrefu alichelewa akitoka kumzika mama yake. Alisimama nyuma ya mstari, vumbi la makaburini likiwa bado viatuni.

"Pole kwa msiba," Chaki alimwambia. "Lakini mstari hauna macho."

Akafunga mlango.

Kazi ilikuwa safi, hakuna anayebisha. Hakuna mteja aliyerudisha nguo. Ila wanachama walivuja mmoja mmoja, wakavuka barabara kwenda kushona kwa Bwana Tai, mwenye karakana ya ushonaji yenye madirisha ya vioo ng'ambo. Waliobaki walibaki kwa woga, na yeye hakuiona tofauti.

Uchaguzi ulipofika, Pole hata hakugombea. Walimsimamisha juu ya kiti akipiga kelele kwamba ataanguka. Mikono iliyonyooka kwa ajili ya Chaki ilikuwa miwili: wake mwenyewe, na wa Pole.

Kushindwa alikumeza. Huo mkono wa pili ndio uliomkwama.

Siku hiyo hiyo Pole alichukua tambara lenye maji, akapiga magoti, akaufuta mstari. Wiki haikuisha, waliovuka barabara wakaanza kurudi. Wengine walikuja kabla ya saa, wakasaidia kufagia! Chaki aliwatazama wakifagia kwa furaha ukumbi ule ule walioufagia kwake kwa kununa, na roho ikamuuma.

Sasa ilikuwa imekuja kazi kubwa ya kwanza ya Pole: sare za wauguzi wa hospitali nzima. Mkuu wa chuo alikuwa ametamka wazi: mkiiharibu hii, ukumbi nampa mwingine. Na kila mtu alijua huyo mwingine anavaa tai.

*

Alhamisi muuguzi mkuu alikuja kujaribu.

Alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye mikono ya kunyanyua wagonjwa. Aliivaa sare, akajitazama kwenye kioo, akatabasamu. Kisha akainua mkono kama mtu anayetundika dripu.

Praaa!

Mshono ulifumuka kutoka kwapani mpaka kiwikoni. Muuguzi mkuu alibaki mkono juu, nyama ya mkono nje, tabasamu limemganda.

"Mmenishonea mimi au mwanangu wa darasa la pili?"

Hakuna aliyecheka. Babu, aliyerudi chuoni baada ya kiwanda alichofanyia kazi kufungwa, aliichukua kadibodi, akailazia futi ya kamba, akapima tena.

"Imepungua," alisema. "Na mikono yote imekatwa kwa hii. Kitambaa kimekwisha."

"Aliipitia nani?" aliuliza Mrefu.

Chaki alisikia damu ikimpiga masikioni. Alikuwa amejiandaa. Angesema niliipitia, ilikuwa sawa, mwulizeni Mwenyekiti aliyekataza isipimwe tena. Alikuwa na maneno yote, yamepangwa.

Pole aliipokea kadibodi. Alipitisha kidole gumba ukingoni, polepole, mahali palipomegwa. Ukingo ule ulikuwa laini, umenyooka, hauna hata jino moja. Katika ukumbi mzima palikuwa na mkono mmoja tu wa kukata vile.

Akainua macho, akamtazama dada yake.

Chaki akamtazama naye. Sema, alimwambia kimoyomoyo. Nitaje.

"Mimi ndiye niliyemwambia Babu asipime," Pole alisema, sauti ikitetemeka. "Mwenyekiti ni mimi. Kosa ni langu. Sista, naomba nafasi ya kurekebisha."

Muuguzi mkuu alijivua sare kwa hasira. "Jumamosi mchana. Baada ya hapo natafuta mafundi, nimechoka na wanafunzi."

Alipokuwa anatoka, alipishana mlangoni na mtu anayeingia. Mtu mwenye viatu vinavyong'aa na tai nyekundu.

"Nasikia mna msiba," alisema Bwana Tai.

*

Alisimama katikati ya ukumbi kama aliyekwisha kukabidhiwa funguo.

"Vijana, sina maneno mengi. Chombo chenu kinazama. Kwangu kuna kazi, cherehani mpya, mshahara kila mwisho wa mwezi. Anayetaka aje leo hii. Msimamizi wenu atakuwa mtu mnayemjua." Akageuka. "Dada Chaki, simama waone."

Naam. Wiki nzima Chaki alikuwa akivuka barabara kwa siri kunywa soda katika ofisi ya vioo. Bwana Tai alikuwa amemuuliza: wangapi watakufuata? Naye alijibu bila kupepesa: wote, mimi ndiye niliyewafundisha kushika sindano.

Sasa alisimama. Minong'ono ilipita ukumbini. Alimwona Pole akiuma mdomo wa chini, kama alivyokuwa akifanya utotoni akinyang'anywa kitu.

"Mmesikia," Chaki alisema kwa sauti yake ya zamani. "Mimi nakwenda. Kusanyeni vitu vyenu."

Hakuna aliyesogea.

"Hamjanisikia?"

"Tumekusikia, dada," Babu alijibu taratibu. "Zamani ukisema simama tulisimama, maana tulijua utakachotufanya. Leo utatufanya nini?"

"Huyu amewaharibia kazi! Amekiri mwenyewe mbele yenu!"

"Amekiri," alisema Mrefu. "Wewe ulikiri lini?"

Basi kikatokea kitu. Kutoka cherehani ya mwisho kabisa, aliinuka msichana mmoja mwembamba wanayemwita Kimya, kwa kuwa hupitisha siku nzima bila kutoa neno. Aliinuka, akaanza kuja mbele moja kwa moja, kuelekea aliposimama Chaki.

Moyo wa Chaki ulidunda. Mmoja! Akianza mmoja, wengine watafuata. Alinyoosha mkono kumpokea.

Kimya akampita. Akaenda pembeni, akaburuta gunia la mabaki ya vitambaa mpaka miguuni pa Pole, akalimwaga sakafuni.

Wote wakashuka chini, wakaanza kuchambua.

Bwana Tai alikohoa. "Wote, ulisema?"

*

Karakana ya Bwana Tai ilikuwa na kila kitu. Kiyoyozi, taa nyeupe, viti vya kuzunguka. Chaki alikalishwa karibu na dirisha akapewa kazi ya kukagua mifuko ya suruali. Hakuna aliyemuuliza lolote. Mafundi walishona kimya, masikio wameyaziba kwa muziki wa simu zao.

Ijumaa asubuhi simu yake iliita. Mama.

"Mwanangu, uko na mdogo wako? Simu yake haipatikani."

"Siko naye."

"Jana sauti yake sikuipenda. Amekula?"

"Mama, mimi mwenyewe sijala."

"Wewe mtu mzima," mama alisema. "Mtazame mdogo wako."

Simu ikakatika. Mtazame mdogo wako. Ameambiwa hivyo tangu anajua kusikia. Alimbeba, alimwogesha, alimfundisha kuingiza uzi kwenye tundu la sindano. Na kila alichokitengeneza kwa mikono yake, watu walimpa yule mtoto kwa kuwa ana tabasamu zuri!

Basi akamtazama. Dirisha la karakana lilitazamana na madirisha ya ukumbi. Aliwaona wakiwa wameinama, nguo nyeupe zimetapakaa mezani kama theluji ya kwenye sinema. Walikuwa wakiunganisha vipande vya mabaki, wakivipachika kwapani ili mkono upanuke. Wazo halikuwa baya. Lakini walikuwa wakikata vibaya. Kutoka ng'ambo ya barabara aliona kipande kimevutwa kombo, mkono umejisokota kama kamba. Babu aliufumua. Wakapachika tena. Ukajisokota tena.

Vizuri, alijisemea. Acheni ujisokote.

Kisha akamwona Pole akienda kwenye meza ya kukatia. Meza yake. Akamwona akivuta droo, akitoa kitu kinachong'aa, akikishika kwa vidole vyote kama mtu anayeshika koleo.

Mkasi wake!

Mkasi wa chuma alioununua kwa posho yake ya kwanza. Mkasi ambao katika utawala wake wote hakuna aliyethubutu kuugusa. Kiti wamempa, sawa. Watu wamempa, sawa. Mama wamempa tangu zamani. Na mkasi nao?

Hakuaga. Mifuko ya suruali ilimwagika sakafuni. Alivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, lori likampigia honi, dereva akamtukana, hakusikia.

Msije mkadhani alirudi kwa kutubu. Alirudi kwa wivu, ule ule uliomtoa.

"Weka chini!" alifoka mlangoni. "Nani amekupa ruhusa?"

Pole aliuweka mkasi mezani, akasogea nyuma hatua moja.

Chaki aliunyakua, akaufuta kwa gauni lake. Kisha macho yake yakaangukia kile kipande. Lo! Kimekatwa kufuata uzi wa urefu! Angewezaje mtu mwenye akili zake?

"Hiki hakikatwi hivi," alisema kwa ukali. "Cha kwapani kinakatwa mshazari, kipate kuvutika. Leteni mabaki. Siyo hayo, marefu! Mrefu, fumua yote. Babu, pasi."

Wakamtazama Pole.

Aliona. Aliliona jambo hilo kwa macho yake. Kabla ya kumtii, walimtazama Pole. Pole akatikisa kichwa kukubali, na ndipo wakaanza kukimbia.

*

Walifanya kazi siku ile kama watu waliorogwa. Chaki alikata, Pole akapokea, wengine wakashona. Kipande kikatoka kama ubawa mdogo, kikaingia kwapani kikatulia. Babu aliuinua mkono wa kwanza uliokamilika, akauzungusha hewani, na watu wakapiga vigelegele.

"Hongera, Pole!" mtu alipaza sauti.

Chaki aliinamia kitambaa. Mkasi ukalia kraa, kraa.

Mchana, wengine walipotoka kunawa mikono, walibaki wao wawili tu mezani.

"Ulijua," Chaki alisema bila kuinua uso.

"Nilijua nilipoushika ukingo."

"Kwa nini hukunitaja? Ulitaka waseme we ni malaika?"

Pole alichukua kipande cha kitambaa. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. "Ningekutaja wangekufukuza. Wakikufukuza, nani angekata?"

Chaki aliinua kichwa. Hakuwahi kuisikia sauti ile kwa mdogo wake. Haikuwa na pole ndani yake hata punje.

"Na usidhani sina hasira," Pole aliendelea. "Jana sikulala. Nilikuwa nataka nije nikuvunje hiyo mikono."

"Ungekuja."

"Mama angeniuliza."

Nusura wacheke wote wawili. Wengine wakaingia, na sauti ya Pole ikarudi laini kama kawaida. "Poleni kwa jua, jamani. Tuendelee?"

Jumamosi muuguzi mkuu alivaa, akainua mikono yote miwili, akainama, akajinyoosha, akampapasa Mrefu kama mgonjwa. Sare haikulalamika.

"Nani kiongozi hapa?" aliuliza. "Nataka kumshika mkono."

Vidole vyote vilimwelekea Pole. Hata cha Babu, aliyekuwa amesimama bega kwa bega na Chaki. Chaki alijikaza, akapiga makofi pamoja na wengine, makofi makavu kama ya mtu anayeua mbu.

Ingeishia hapo ingekuwa raha. Lakini sare zilipokwisha kupakiwa na gari kuondoka, mlangoni alitokea mwalimu mlezi wa ushirika, aliyekuwa safarini wiki nzima. Mtu wa miwani, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu.

"Kaeni," alisema. "Nimeambiwa yaliyotokea. Kazi imekombolewa, nawapongeza. Lakini sheria ya ushirika huu mnaijua. Anayeharibu kazi ya mteja anatoka siku hiyo hiyo, awe nani. Mwenyekiti amekiri mbele yenu kwamba kosa ni lake. Ni kweli?"

"Ni kweli, mwalimu," alisema Pole.

"Sheria hiyo aliitunga nani?"

Hakukuwa na haja ya kumtaja. Aliyeitunga alikuwa anatazama ncha za viatu vyake.

"Basi Pole si mwanachama tena kuanzia sasa. Nafasi yake, mpaka uchaguzi ujao, itashikwa na mtu mwenye uzoefu." Mwalimu alirekebisha miwani. "Chaki, kiti ni chako."

Kiti ni chako! Maneno aliyoyaota usiku na mchana. Aliyasikia yakitamkwa, akangoja furaha ije.

Aliyekuja ni Mrefu. Alisimama, akaifunika cherehani yake kwa kitambaa, akavua kitambulisho, akakiweka mezani. Babu akafunika yake. Kimya akafunika yake. Mmoja baada ya mwingine, ukumbi mzima ukawa safu za vitambaa.

"Mnafanya nini?" mwalimu aliuliza.

"Tunakwenda na Mwenyekiti wetu," alisema Babu.

"Kaeni," Pole aliwaambia kwa upole, machozi yakimlengalenga. "Tafadhali, jamani. Kaeni kwa ajili yangu."

Wakakaa.

Wote! Neno moja la mtu aliyefukuzwa, na wakakaa! Chaki aliwatazama wakifunua tena cherehani zao, na akaelewa amepewa nini. Kila asubuhi watakayomwamkia, kila mshono watakaomshonea, utakuwa ni kwa amri ya mdogo wake. Atakalia kiti, na Pole atatawala hata akiwa kitandani kwa mama.

Hapana. Heri kukosa.

"Mwalimu," alisema. Sauti ilimtoka nzito. "Kadibodi ile niliimega mimi. Kwa makusudi. Kwa mkasi huu."

Akauweka mkasi mezani mbele ya mwalimu.

Kisha Pole akafuta machozi kwa kiganja.

"Usimsikilize, mwalimu," alisema. "Dada anadanganya. Anataka kunikinga. Amekuwa hivyo tangu tukiwa wadogo."

Chaki alitaka kupiga ukelele. Kiti alimnyang'anya, watu alimnyang'anya. Na dhambi yake nayo? Hata dhambi asiwe nayo?

Mwalimu alivua miwani. "Mmoja wenu ananiongopea. Sawa. Ninyi mnawajua. Anayemwamini Pole asimame dirishani. Anayemwamini Chaki asimame mlangoni."

Viti vilikwaruza sakafu. Babu akaenda dirishani. Mrefu akaenda dirishani. Wote wakaenda dirishani, wengine wakimtupia Chaki jicho la huruma, na huruma hiyo ilichoma kuliko chuki. Kwa mara ya kwanza alikuwa amesema kweli mbele yao, na hakukuwa na hata mmoja aliyemwamini.

Alibaki peke yake mlangoni.

Hapo Kimya akajitenga na kundi. Akauvuka ukumbi, hatua ndogondogo, mikono ameikunja kifuani. Safari hii hakumpita. Alikuja akasimama kando yake, bega likagusana na bega.

Mtu mmoja. Kwa hiari yake, bila mstari, bila woga. Alichokililia miaka yote, amekipata siku ya kufukuzwa.

"Mimi namwamini," alisema Kimya, na wengi pale walikuwa wanaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza. "Aliikata yeye. Lakini kabla hamjamtoa, mwalimu, muulize Pole kitu kimoja."

"Kitu gani?"

Kimya alimgeukia Pole.

"Alhamisi asubuhi, sista akiwa hajafika, nguo haijapasuka, hakuna mtu anayejua kuna kosa. Mbona alinituma ng'ambo ya barabara nikamwite Bwana Tai?"

Vichwa vyote dirishani viligeuka.

Chaki naye aligeuka. Nilijua nilipoushika ukingo, alimwambia jana; kumbe alijua kabla ya hapo. Alimwona mdogo wake akiuma mdomo wa chini. Safari hii hakufanana na mtoto aliyenyang'anywa kitu. Alifanana na mtu aliyekamatwa nacho.